Amegongwa au aligonga? Kauli tatu za shahidi mmoja

Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya uchambuzi, ila nimekijenga kwa vipande vya kawaida kabisa. Kusita kwa shahidi, neno lililokatwa katikati, swali lililoulizwa vibaya, vyote ni vya aina ambayo watafiti wa usemaji wamekuwa wakiirekodi kwa miaka mingi. Tukio lenyewe ni dogo, na nimelichagua kwa sababu hiyo: hapo kazi inayofanyika kati ya kuona jambo na kulisema inaonekana bila kufunikwa na mambo mengine.

Mwanamke amesimama kando ya barabara akisubiri kuvuka. Mbele yake kidogo kuna gari lililoegeshwa, na vioo vyake vinaakisi mwanga kiasi kwamba haoni aliyemo ndani. Kijana anakuja na baiskeli. Anapofika sambamba na gari, mlango wa dereva unafunguka. Baiskeli inakutana na mlango, kijana anarushwa na kuangukia bega. Yote hayo hayakuchukua sekunde mbili.

Dakika moja haijaisha, mwanamke anapiga simu ya dharura na kusema:

“Hapa kuna… mlango ume… kuna kijana ameanguka na baiskeli, eee, amegongwa na mlango wa gari.”

Baada ya saa moja askari anamhoji palepale. “Mama, huyu mwendesha baiskeli aliligonga gari akiwa kwenye mwendo gani?” Anajibu: “Mwendo sikuuangalia, afande. Aligonga… aligonga ule mlango, halafu akaanguka.” Askari anarudi kwenye karatasi yake. “Kwenye simu ulisema amegongwa. Sasa unasema aligonga. Tushike lipi?” Mwanamke ananyamaza, anaitazama barabara, kisha anasema: “Ni hilohilo.” Askari anaandika kwamba shahidi anajichanganya.

Usiku anamsimulia mdogo wake: “Mdogo wangu, leo nimeona mambo. Nimesimama zangu nasubiri kuvuka, kijana wa watu anakuja na baiskeli yake taratibu, hana habari, mara dereva kafungua mlango bila hata kuangalia nyuma, kamrusha yule mtoto hadi katikati ya barabara.” Safari hii hakusita popote.

Ukiwapa watu wengi kauli hizi tatu wachague iliyo ya kuaminika, naamini wataichukua ya tatu. Ina mwanzo na mwisho, ina mtenda na sababu, na msemaji anaonekana kuwa na uhakika. Ya kwanza wataiona ya mtu aliyebabaika, ya pili ya mtu anayebadilisha maneno. Kwa maoni yangu mpangilio huo umepinduliwa. Kauli ya kwanza, pamoja na kukatika kwake kote, ndiyo iliyo karibu zaidi na kile macho yake yalichopokea, na mahali ilipokatika ndipo penye habari nyingi kuliko mahali ilipotiririka.

Kabla ya neno la kwanza

Tukio halina kiima wala kitenzi. Mlango, gurudumu, sauti ya chuma na bega la kijana vilimfikia shahidi kwa pamoja, au kwa kupishana kwa muda usiopimika kwa jicho. Mdomo nao hauwezi kutoa vitu kwa pamoja. Neno lazima lisubiri lililotangulia litoke, na kwa hiyo jambo la kwanza ambalo msemaji hulazimika kulifanya ni kuamua kitu gani kitangulie. Mwanasaikolojia Karl Lashley aliliandikia tatizo hili la mpangilio mwaka 1951, akaonyesha kwamba haliwezi kuelezwa kwa kudai kuwa kila neno linaliita linalofuata. Lazima kuwe na mpango fulani kabla sauti ya kwanza haijatoka.

Mpango huo una ukubwa gani? Wilhelm Wundt, aliyefungua maabara yake ya saikolojia Leipzig mwaka 1879, alishikilia kwamba sentensi huanza kama wazo zima linaloonekana kwa mara moja akilini, kisha akili huligawa vipande. Hermann Paul, mwanaisimu wa zama zake, aliona kinyume: vipande ndivyo vinavyotangulia, na sentensi ni kuviunganisha. Watafiti wa leo bado wanaurudia ubishi huo kwa kamera za kufuatilia macho. Kila upande una ushahidi wake, na kisa chetu kinaupa kila upande sehemu yake.

Upande wa wazo zima unasaidiwa na kasi ambayo watu hulielewa tukio. Mwaka 2013 Alon Hafri, Anna Papafragou na John Trueswell waliwaonyesha watu picha za matukio kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde, na bado watazamaji waliweza kutambua nani anamtenda nani kwa kiwango kilichozidi kubahatisha. Katika picha za namna hiyo mwili wa mtenda husaidia sana: mkono ulionyooshwa na mwili ulioinamia mbele humwambia mtazamaji nani ameanzisha jambo. Sasa rudi kwenye barabara yetu. Mtenda hapa hana mwili unaoonekana, kwa kuwa yuko nyuma ya kioo kinachong'aa. Alichokishika shahidi kwa kufumba na kufumbua ni mlango na kijana. Dereva hakuwemo kwenye picha hiyo tangu mwanzo, na nitaomba msomaji alikumbuke hilo tukifika kwenye kauli ya usiku.

Upande wa vipande nao una jaribio zuri, la Lila Gleitman na wenzake, lililochapishwa mwaka 2007. Kabla ya picha kuonekana, alama ndogo ilimulikwa mahali ambapo mmoja wa wahusika angetokea, kwa muda mfupi mno hata washiriki hawakuitambua. Hata hivyo walielekea kuianza sentensi yao kwa mhusika aliyemulikiwa. Pale jicho lilipovutwa ndipo kiima kilipopatikana. Zenzi Griffin na Kathryn Bock walikuwa wameonyesha mwaka 2000 kwamba mtu anayeeleza picha huitazama yote kwa muda mfupi, kisha macho yake huenda kwa kila kitu kwa zamu, chini kidogo ya sekunde moja kabla ya kukitaja.

Shahidi wetu hana picha mbele yake. Tukio limeshapita, analitazama kwenye kumbukumbu. Lakini sina shaka kwamba mlango ulitangulia ulimini kwa sababu hiyohiyo: ndio uliosogea ghafla pale ambapo hakukuwa na kitu kinachosogea.

“Ume…”

Hapa ndipo kisa kinaponivutia kuliko kwingine kote, na nitakaa hapa kwa muda.

Mwaka 1989 Willem Levelt, aliyekuwa akifanya kazi Nijmegen, Uholanzi, alipanga usemaji katika hatua ambazo watafiti wengi bado wanazitumia hata wanapozipinga. Kwanza msemaji huandaa ujumbe, yaani huamua atasema nini kuhusu nani. Pili huutafutia maneno na kuyapanga kisarufi. Tatu huutamka. Katika hatua ya pili, neno lenyewe halipatikani kwa mkupuo mmoja. Hupatikana kwanza kama kitu chenye maana na tabia za kisarufi, na sauti zake hufuata. Ushahidi mmoja umetoka kwa Waitalia waliokwama neno likiwa kwenye ncha ya ulimi. Gabriella Vigliocco na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba watu hao, huku wakiwa hawalipati neno, mara nyingi waliweza kusema jinsia yake ya kisarufi. Sarufi imeshafika, sauti bado iko njiani. Hata kutaja kitu kimoja tu kwenye picha, kwa hesabu za Peter Indefrey na Levelt za mwaka 2004, huchukua takribani milisekunde 600 tangu kukiona hadi sauti kuanza.

Anayesema Kiswahili hudaiwa mapema. Hawezi kuufikia mzizi wa kitenzi kabla hajamaliza maamuzi kadhaa: kiima ni cha ngeli gani, jambo ni la wakati gani, na mara nyingi mtendwa ni nani. Maamuzi hayo hutangulia kama viambishi, kisha mzizi hufuata. Lakini kuna uamuzi mmoja ambao lugha yetu inamruhusu msemaji kuuchelewesha hadi mwisho kabisa wa neno, nao ni ule wa kauli: kutenda, kutendwa, kutendeka. Mzizi *fungu-* hausemi bado kama mlango ulifunguliwa na mtu au ulifunguka wenyewe. Jibu liko kwenye kijisilabi kinachofuata.

Mwanamke alisema “mlango ume…” akaacha. Kiima alishakitaja, na kiambishi chake. Wakati pia alishautaja. Alisimama pale ambapo angelazimika kuchagua kati ya angalau vitenzi vitatu. *Umefunguka* kingeuacha mlango ujifungue wenyewe, bila mtu nyuma yake. *Umefunguliwa* kingemleta mtu ambaye hakumwona. *Umempiga kijana* kingeugeuza mlango kuwa mtenda na kumwacha dereva nje kabisa. Vyote vitatu ni Kiswahili safi na hakuna hata kimoja kilicho uongo. Ila kila kimoja kinabeba dai kuhusu nani alisababisha nini, na yeye bado hakuwa tayari kulitoa dai hilo. Mimi mwenyewe, nilipoeleza kisa hapo juu, niliandika “mlango wa dereva unafunguka”. Nilichagua kile cha kwanza kwa sababu ndicho kinachodai machache.

Mwaka 1983 Levelt alichambua masahihisho 959 ambayo wasemaji wa Kiholanzi walijifanyia wenyewe walipokuwa wakieleza michoro ya nukta za rangi. Aliona hatua tatu: msemaji anakatisha, anasita, kisha anasahihisha. Aliona pia kwamba watu hawakati ovyo. Neno lisilo na kosa huelekea kumaliziwa, na neno linalokatwa katikati mara nyingi ndilo lenyewe lenye tatizo. Neno la Kiswahili lina sehemu nyingi kuliko la Kiholanzi na sitaki kuubeba ushahidi huo kupita uzito wake, lakini hapa unaendana na tunachokisikia. Tatizo la shahidi lilikuwa kwenye kitenzi. “Mlango” haukuwa na kasoro, na mwishoni mwa kauli anaurudia.

Tazama sasa anavyojinasua. Anarudi kwenye *kuna*. Kiima cha *kuna* ni cha mahali, na hakimfungi msemaji kwa ngeli ya kitu atakachokitaja baadaye. Ni njia ya kuanza kusema kabla hujaamua utasema kuhusu nani, na kwa kazi ya kumleta mhusika mgeni kwenye mazungumzo ni vigumu kupata bora kuliko hiyo. Mara ya kwanza *kuna* ilikuwa ya kununua muda. Mara ya pili inamleta kijana. Mtu ametangulizwa mbele ya kitu, kama wasemaji wa lugha nyingi wanavyoelekea kufanya, na aliyeumia ametangulizwa mbele ya kilichomuumiza, kama msikilizaji wa simu ya dharura anavyohitaji. Bado hajafikia nusu ya sentensi, na tayari amelibadilisha tukio zima kutoka “habari ya mlango” kuwa “habari ya kijana”.

Ndipo inakuja “eee”. Herbert Clark na Jean Fox Tree walitoa hoja mwaka 2002 kwamba vijisauti kama hivi vina kazi yake, kama maneno mengine: humjulisha msikilizaji kwamba kuna kuchelewa na kwamba msemaji hajamaliza. Naikubali hoja hiyo. Wallace Chafe naye, aliyechambua masimulizi ya mdomo kwa miaka mingi, alionyesha kwamba usemi wa kawaida hutoka kwa mikupuo mifupi ya maneno machache, na kila mkupuo hubeba kwa kawaida jambo jipya moja. Kauli ya simu inafuata mwendo huo. Mkupuo wa kwanza ni kijana aliyeanguka, wa pili ni kilichomwangusha, na “eee” imesimama kwenye mpaka wao.

Mkanganyiko ambao haupo

“Amegongwa na mlango wa gari.” Wapo wanaosema kauli ya kutendwa ni maficho ya mtu anayetaka kumlinda mtenda. Inaweza kutumiwa hivyo, na viongozi wanajua kuitumia. Lakini hapa ina sababu iliyo wazi zaidi. Kijana ameshakuwa kiima cha *ameanguka*. Kumbakiza hapohapo kwenye kitenzi kinachofuata kunamwezesha msikilizaji kuendelea na mtu yuleyule, na kumbakiza kunadai kauli ya kutendwa, kwa kuwa katika kugongana huko yeye ndiye aliyepata kipigo. Msemaji hakuichagua kauli ya kutendwa ili kumficha dereva. Alimchagua kijana, na kauli ikaja na kijana.

Saa moja baadaye askari anauliza swali ambalo tayari lina jibu ndani yake. “Aliligonga gari” ina mwendesha baiskeli kama mtenda na gari kama mtendwa, kabla shahidi hajafungua mdomo. Kathryn Bock alionyesha mwaka 1986 kwamba mtu aliyetoka kutumia muundo fulani wa sentensi huelekea kuurudia anapoeleza picha isiyohusiana nao kabisa, na kazi zilizofuata zimeonyesha kwamba hata muundo uliousikia kwa mwenzako hukuvuta. Ni tabia ya kawaida ya mazungumzo, inayopunguza kazi ya kutunga. Kitenzi nacho kina nguvu yake. Katika jaribio maarufu la Elizabeth Loftus na John Palmer la mwaka 1974, watu walitazama filamu za ajali za magari, wakaulizwa mwendo. Walioulizwa kwa kitenzi cha kupondana walikadiria kwa wastani maili 40.5 kwa saa, na walioulizwa kwa kitenzi cha kugusana walikadiria 31.8. Katika jaribio la pili, wiki moja baadaye, washiriki 16 kati ya 50 wa kundi la “kupondana” walisema waliona vioo vilivyovunjika, dhidi ya 7 kati ya 50 wa kundi la “kugongana”. Kwenye filamu hapakuwa na vioo vilivyovunjika.

Kwa hiyo mwanamke alipojibu “aligonga”, alikuwa ndani ya sentensi iliyojengwa na mtu mwingine. Na bado alipigana nayo. “Aligonga… aligonga ule mlango.” Askari alimpa gari, yeye akakataa, akaweka mlango. Kusita kumekaa palepale ambapo neno la askari lilipaswa kurudiwa. Msikilizaji makini angesikia hapo shahidi akisahihisha swali. Askari alisikia mtu anayebabaika.

Halafu likaja lile la “tushike lipi”. Vitu viwili vilikutana barabarani. Kwa fizikia, kukutana ni kwa pande zote mbili: baiskeli iligusa mlango kwa nguvu ileile ambayo mlango uligusa baiskeli. Nje ya umbo la *gongana*, sarufi hairuhusu usawa huo. Inamtaka msemaji amweke mmoja mbele, na aliyewekwa mbele hubeba rangi ya utendaji. *Amegongwa na mlango* na *aligonga mlango* ni kauli mbili za kweli kuhusu mguso mmoja, moja ikijibu swali la nani ameumia, nyingine ikijibu swali la mwendesha baiskeli alifanya nini. Shahidi alijua hivyo. Alisema “ni hilohilo”, na alikuwa sahihi kabisa. Alikosa tu maneno ya kueleza kwa nini, na ni watu wachache sana wangeyapata maneno hayo wakiwa wamesimama kando ya barabara mbele ya askari mwenye kalamu.

Inaniuma kwamba kwenye karatasi amebaki mtu anayejichanganya. Imani kwamba anayesema kweli hunyooka na mwongo husitasita imeenea mno, na haina nguvu inayopewa. Charles Bond na Bella DePaulo walipokusanya mwaka 2006 matokeo ya tafiti nyingi za kutambua uongo, wastani wa hukumu zilizokuwa sahihi ulikuwa asilimia 54, wakati kubahatisha tu kungewapa 50. Kusita kunatuambia kwamba hapo pana kazi. Kazi hiyo inaweza kuwa ya kutunga uongo, inaweza kuwa ya kutafuta kitenzi kisichosema zaidi ya ulichoona. Kwa kusikia peke yake huwezi kuzitofautisha.

Usiku

Kauli ya tatu inatiririka, na ina kila kitu kinachofanya simulizi liwe simulizi. William Labov na Joshua Waletzky walieleza mwaka 1967 jinsi watu wanavyosimulia yaliyowapata: huweka kwanza mahali na watu, kisha matukio kwa mfuatano wake, na katikati hupenyeza tathmini inayomweleza msikilizaji kwa nini asikilize. Yote yamo. “Nimesimama zangu nasubiri kuvuka” ni mahali. “Mara” ndiyo inayovunja utulivu. “Kijana wa watu, hana habari” ni tathmini iliyovaa nguo za maelezo. Hata vitenzi vimekazwa, *kafungua*, *kamrusha*, vinafuatana bila kupumua.

Lakini tazama yaliyoongezeka. Kijana sasa anakuja “taratibu”, ilhali mchana alimwambia askari kwamba mwendo hakuuangalia. Dereva, ambaye hakuwemo kwenye picha ya kwanza kabisa, sasa ndiye mtenda wa kila kitu. Na dereva huyo hakutazama nyuma, jambo ambalo shahidi hakuwa na namna ya kuliona kupitia kioo kilichokuwa kinaakisi mwanga.

Hasemi uongo. Anafanya kile ambacho msimuliaji hufanya anapojua ncha ya habari yake. Wallace Chafe na wenzake walitengeneza mwaka 1975, Berkeley, filamu ya takribani dakika sita isiyo na maneno, yenye mtu anayechuma matunda na mvulana wa baiskeli anayeondoka na kikapu kimoja, wakaionyesha kwa wasemaji wa lugha mbalimbali na kuwaomba wasimulie. Deborah Tannen alilinganisha wanawake wa Kigiriki na wa Kimarekani. Wagiriki walielekea zaidi kueleza nia za watu na kuyapima matendo yao, Wamarekani walielekea zaidi kuieleza filamu kama filamu, na vipengele vyake. Waliona kitu kilekile. Kilichotofautiana ni kile ambacho kila mmoja alidhani anaombwa kukifanya anapoambiwa asimulie. Shahidi wetu naye alifanya kazi tatu tofauti siku hiyo: aliomba msaada, alijibu maswali, kisha akamshirikisha mdogo wake jambo lililomgusa. Kwa kazi ya tatu, mlango peke yake hautoshi. Anahitajika mtu wa kulaumiwa.

Mikono yake ingetuonyesha hilo hata kabla ya maneno. Watu husema na mikono pamoja na mdomo, kiasi kwamba Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow waliripoti mwaka 1998 kuwa hata vipofu wa tangu kuzaliwa hufanya ishara wanapozungumza na vipofu wenzao. Na ishara huelekea kuanza kabla kidogo ya neno inaloambatana nalo. David McNeill alitofautisha ishara zinazolitazama tukio kutoka nje na zile ambazo msimuliaji anaingia ndani ya mhusika na kufanya kama yeye. Msimuliaji anayefika kwenye “dereva kafungua mlango” na mkono wake ukasukuma kitasa kutoka kifuani kwenda nje, ameshakaa kwenye kiti cha dereva. Yule aliyekuwa kando ya barabara hakuwahi kukaa hapo.

Lugha anayoitumia msemaji nayo ina sehemu yake. Caitlin Fausey na Lera Boroditsky waliwaonyesha wasemaji wa Kiingereza na wa Kihispania mwaka 2011 video za matendo ya makusudi na ya bahati mbaya. Kwa ya makusudi makundi yote mawili yalimtaja mtenda na kumkumbuka kwa kiwango sawa. Kwa ya bahati mbaya, wasemaji wa Kihispania walimtaja mtenda mara chache zaidi, na walimkumbuka kidogo zaidi. Kiswahili kinatupa njia zote mbili kwa urahisi uleule, *kaufungua* na *umefunguka*, kwa hiyo anayechagua moja mara kadhaa mfululizo anajijengea kumbukumbu ya moja. Hadi usiku mwanamke huyu amelisimulia tukio mara kadhaa, na nadhani kwa kiasi kikubwa anachokisimulia sasa ni masimulizi yake ya awali. Ndiyo maana hakuna anaposita. Hana tena kitenzi cha kutafuta.

Kilichopaswa kuandikwa

Katika miaka ya 1980 Ronald Fisher na Edward Geiselman walibuni namna ya kuwahoji mashahidi iliyojengwa juu ya mambo ya aina hii. Mhojaji anamsaidia shahidi kuirudisha akilini hali ya pale alipokuwa, anamwacha asimulie yote kwa maneno yake bila kumkatiza, na maswali ya kipengele kimojakimoja yanasubiri hadi mwisho. Kwa kisa chetu, askari angeanza na “Mama, nieleze ulichokiona, tangu ulipofika hapa,” kisha angenyamaza hata mama anaponyamaza. Angeuliza baadaye: “Mlango ulipoanza kusogea, uliona nini kingine?” Hakuna mtenda kwenye swali hilo isipokuwa yeye mwenyewe anayeulizwa.

Majibu yake yangeingia kwenye karatasi kwa mafungu mawili. Alichokiona: mlango ukisogea kwenda nje, kijana akikutana nao, kijana akiwa chini. Asichokiona: mkono wa dereva, uso wake, na mwendo wa baiskeli. Kama dereva alitazama nyuma au hakutazama, hilo litafutwe kwa dereva, kwa abiria kama alikuwepo, kwa kamera kama ipo. Masimulizi ya usiku, hata yangerudiwa mbele ya hakimu kwa machozi, hayawezi kulijibu.

Na kauli ya simu iandikwe kama ilivyotoka. Mara nyingi mwandishi wa kumbukumbu husafisha: huondoa “eee”, huondoa neno lililokatika, huandika “Kuna kijana amegongwa na mlango wa gari.” Anadhani amemfanyia shahidi hisani. Lakini “mlango ume…” ndilo thibitisho pekee kwamba ndani ya dakika ya kwanza, kabla ya swali la mtu yeyote, shahidi alifika kwenye suala la nani aliufungua mlango na akakataa kulijibu. Likishafutwa, faili linabaki na mlango uliomgonga mtu, na wakili yeyote atakayesoma baadaye hatajua kwamba swali hilo liliwahi kumkwamisha shahidi.